Honda ya Mwalimu: Jumamosi Yetu Kikwe

Kama mchumba wako ana ugonjwa wa kupenda vyuma vikuukuu, pole, maana mwenzio ninaye wa aina hiyo. Wanaume wengine hukesha na mpira, wengine na bia. Wa kwangu hukesha na picha za pikipiki za zamani kwenye simu, anazikuza kwa vidole viwili mpaka aone kichwa cha nati. Kwa hiyo siku aliponiambia kuna Honda CG 125 ya miaka ya themanini inauzwa Kikwe, "mkono mmoja tu tangu mpya", sikushtuka. Kilichonishtua ni bei. Milioni moja na laki nane, na sisi tuna harusi mwezi wa pili!

Tulibishana siku mbili. Si kwa kelele. Sisi tukikasirikiana tunakuwa wapole mno, kila sentensi ina "mpenzi" ndani yake. Mwisho tukafikia muafaka: Jumamosi twende wote, mimi nikague, na neno langu liwe la mwisho. Usicheke. Baba yangu alikuwa bwana mifugo, na miaka mingi kazini alipanda CG nyekundu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kaka sina, kwa hiyo tochi nilishika mimi kila alipofungua kabureta usiku. Leo nashinda mjini na vitabu vya hesabu, lakini harufu ya petroli iliyochanganyika na grisi bado naijua kuliko pafyumu yangu.

Kitu kingine nikuambie mapema, kwa sababu mbele kitakuja. Fedha zetu za harusi ziko akaunti moja, na tulikubaliana kwamba chochote kinachoingia na kinachotoka, hata nje ya akaunti hiyo, tutaambiana. Tulijiwekea sheria hiyo wenyewe, tukiwa na akili timamu, mezani kwenye sahani ya chipsi kuku.

Tulitoka mjini saa tatu asubuhi na kigari chetu, mwezi wa kumi, ile wiki ambayo mijakaranda ya Arusha inaanza kumwaga maua ya zambarau barabarani na kila mtu anajifanya mpiga picha. Ukitaka kuifaidi Arusha, itoke kwa upande huu wa mashariki. Njia nne za Sakina hadi Tengeru, kilomita 14 na ushee, zimeifanya safari iliyokuwa ya kusukumana na malori kuwa ya kupumua. Lakini Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, na hapo hata barabara ingekuwa na njia nane usingepita haraka. Mikungu ya ndizi, parachichi, magunia ya karoti, mitumba inayoning'inia kama bendera, na mama mmoja anavuka na kuku wawili mkononi huku akiongea na simu kwa bega. Tulisimama kununua maembe, tukaondoka pia na vitenge viwili. Najua. Harusi mwezi wa pili.

Wageni wanaokuja Tengeru huwa wanateremka Ziwa Duluti, au kwenye makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa Vita vya Pili vya Dunia walioletwa hapa kuanzia mwaka 1942 na wakafika maelfu. Vyote viwili vinastahili siku yake. Sisi tuliiacha lami, tukakata kulia, tukaanza kuteremka kwenye vumbi.

Kikwe haipo kwenye vipeperushi vya utalii, na nadhani hiyo ndiyo raha yake. Ukitoka kwenye migomba na kahawa za miteremko ya Meru, ardhi inaanza kujinyoosha, miti inapungua, na joto linaongezeka kidogokidogo mpaka unajikuta umevua sweta bila kujua umelivua wapi. Mwezi wa kumi mahindi yalishavunwa, yamebaki mabua, na ng'ombe wanayamalizia. Halafu ghafla unaona kipande cha kijani kibichi: nyanya, vitunguu, maharage, na pembeni yake mfereji mwembamba wa maji. Maji hayo yanatoka juu, mlimani. Wameru wamekuwa wakiyaongoza kwa mifereji tangu enzi za mababu, na kila mfereji una zamu zake na ugomvi wake. Ukigeuka nyuma, Meru yenyewe imesimama nyuma ya kila kitu, mita 4,566, na siku hiyo haikuwa na hata kipande cha wingu. Mchumba wangu aliendesha akiwa ameegemea usukani kama mtoto anayekwenda kununuliwa viatu.

Nyumba tuliipata kwa kuuliza "kwa Mwalimu". Hakuna aliyeuliza mwalimu gani. Mwalimu mwenyewe ameshafariki, mwaka wa tatu sasa, na anayeuza ni mjane wake, mama wa miaka sabini hivi, kitambaa kichwani, khanga mbili, macho makali. Kila mtu pale anamwita Mama Mwalimu, na sisi tukamwita hivyohivyo. Honda ilikuwa imeshatolewa kibandani, imesimama kwenye stendi chini ya mwembe, imefutwa mpaka inang'aa. Tangi jekundu, kiti cheusi kirefu, taa ya mbele ya duara. Nikasikia mwenzangu akimeza mate.

Sasa hapa pana adabu na pana ufundi, na vinapingana. Ufundi unasema gusa injini kwanza, kabla hujasema lolote. Adabu ya Umeruni inasema usiguse kitu cha mtu kabla hujatoa shikamoo na kupewa kiti. Nilichofanya ni kupitia karibu na ile pikipiki nikielekea kwa Mama, na nikiwa napiga goti kidogo kumwamkia nikaacha kiganja kipite kwenye mapezi ya silinda. Yalikuwa ya moto!

"Marahaba, wanangu. Karibuni sana."

Pembeni alikuwepo mpwa wake, chalii wa Chuga kamili, kofia nyuma mbele, anaendesha bodaboda Usa River. Akaniona. "Nimeipasha kidogo dada, isiwasumbue kuwaka."

Nilitabasamu, nikamwambia hakuna shida, tutasubiri ipoe. Mwenzangu akanitazama kama nimesema tutasubiri mvua. Lakini hapa, msomaji, usilegeze kamba. Injini kuukuu ikishapata moto, oili imesambaa, vyuma vimetanuka, inawaka kwa kiki moja na inaunguruma vizuri. Unachotaka kujua ni asubuhi ya baridi itakuwaje, wewe na tai yako, saa moja kasoro, umechelewa kazini. Nilimpigia baba. Hata hakunijibu salamu. "Umegusa injini?" Nikamwambia ilikuwa imepashwa. Akacheka. "Basi kaeni mle kwanza. Hiyo ni kama shahidi aliyefundishwa la kusema."

Tukala. Mama Mwalimu alituletea loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, kwenye vikombe vikubwa vya bati. Kama hujawahi kunywa loshoro chini ya mwembe saa tano ya jua, sina namna ya kukueleza, na kama umekulia Arusha huhitaji maelezo. Mchumba wangu ni mtu wa pwani. Alimaliza kikombe cha kwanza kwa heshima na cha pili kwa hiari.

Ndipo tukapata historia ya chombo. Mwalimu aliinunua mwaka 1986. Nyie mliozaliwa juzi hamwezi kujua pikipiki mpya ilikuwa nini miaka ile. Fedha za kigeni hazikuwepo, madukani rafu tupu, hata sabuni ilipangiwa foleni. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyoanza kuruhusu watu waagize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi, na taratibu vitu vikaanza kurudi. Mwalimu alikuwa na sehemu ya kahawa ya baba yake kule juu, akakusanya misimu minne, akaenda Moshi kwa mfanyabiashara aliyekuwa ameleta chache, akarudi anaiendesha. Mama anasema siku hiyo watoto wa shule walimkimbilia kutoka barabarani mpaka uwanjani hapo, na mkwewe akamwagia gurudumu la mbele maziwa.

"Ilinipeleka kujifungua mara mbili," Mama akasema, "na mara ya tatu iligoma, nikajifungulia njiani kwa watu."

Kuna kitu watu wengi hawakijui kuhusu CG. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu hasa. Wahandisi wao walikwenda kwanza kutembea, Thailand, Pakistan, wakaona watu wanavyozitumia kweli: mizigo kupita kiasi, cheni hazipakwi oili, fundi hana vifaa. Wakarudi wakaunda injini ya sisi 124 isiyo na makuu. Wakati pikipiki nyingine zilikuwa na cheni ndefu ya kuzungusha kemu huko juu, hii kemu yake iko chini na inasukuma valvu kwa fito mbili za chuma. Cheni ya nyuma wakaifungia ndani ya boksi isipate vumbi. Haina stata ya kubonyeza, ni kiki tu. Ikawa ngumu kama jembe. Baadaye Wachina wakaiiga, na ndiyo maana bodaboda nyingi za Kichina unazopanda kila siku zina injini ambayo ni mjukuu wa hii. Kumbuka hilo la mjukuu.

Saa sita na nusu chuma kilikuwa baridi. Nikafunga kitenge changu kipya kiunoni, nikachuchumaa.

Nilianza na fremu, kwa sababu injini inatengenezeka lakini fremu iliyopinda ni matatizo ya maisha. Nilichungulia shingoni, pale usukani unapoingilia, kama kuna palipochomelewa au rangi iliyopasuka kama kioo. Hakuna. Nikamwambia mwenzangu ainue kwa mbele, nikageuza usukani taratibu kushoto na kulia. Ukisikia kama unaangukia kwenye kijishimo katikati, beringi za shingo zimekufa. Hii ilikuwa laini. Nyuma nikashika tairi nikalisukasuka kwa ubavu, likacheza kidogo, bushi za mkono wa nyuma zimechoka. Kitu cha elfu chache. Shokapu za mbele moja ilikuwa inalia machozi ya oili. Nikafungua mfuniko wa tangi, nikawasha tochi ya simu. Kutu, si ya kutisha, lakini ipo upande wa chini ambako petroli imekaa miaka bila kutembea. Nikapitisha kidole kwenye spoki moja moja kama mtu anayepiga zeze, mbili zikatoa sauti mbovu.

Mpwa alikuwa amekaa kwenye gogo akinitazama. Dharau ilikuwa imemtoka usoni. "Dada umesomea wapi?"

"Kwa baba."

Halafu nikafika kwenye namba. Msomaji, hapa ndipo watu huibiwa. Pikipiki ina namba mbili: ya chesisi, ambayo kwenye hii imegongwa shingoni mwa fremu, na ya injini, iliyogongwa kwenye chuma cha chini ubavuni. Zote mbili zimeandikwa kwenye kadi. Usisomewe. Soma mwenyewe, futa uchafu kwa kitambaa chenye petroli, soma tena. Angalia kama herufi zimekaa mstari mmoja, kama kuna alama za msasa. Namba ya chesisi ililingana na kadi tarakimu kwa tarakimu. Nikalala chini kabisa kwenye vumbi kutafuta ya injini. Kwenye kadi ilianza na CG125E, kama inavyotakiwa. Kwenye chuma ilianza na 156FMI.

Nikaifuta tena. 156FMI.

Hiyo si lugha ya Honda. Hivyo ndivyo Wachina wanavyoandika kwenye injini zao za 125 za aina hii. Mjukuu alikuwa amekaa kwenye kiti cha babu, na amekaa barabara, kwa sababu matundu ya kufungia yanalingana. Sasa nikaelewa kwa nini vichwa vya skrubu vya upande ule vilikuwa vimeliwa na bisibisi.

Nilinyanyuka, nikamwita mwenzangu pembeni, lakini uwanja wa kijijini hauna pembeni. Mama alisikia. Ilibidi nimweleze: Mama, hii injini siyo iliyokuja nayo. Inatembea, lakini siyo yenyewe, na bei ya milioni moja na laki nane ni ya yenyewe. Nilimwona akimgeukia mpwa wake polepole sana. Yule kijana akasimama, mikono juu. "Haki ya Mungu, mamdogo, mimi sijui. Mimi nimekuja hapa baba akiwa tayari mgonjwa."

Kimya. Kuku tu. Mama akakaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni, na mimi nikajiona nimefanya ukatili, ingawa nisingeweza kunyamaza. Kisha akasema, si kwangu, kwa mchumba wangu:

"Baba, kama mmeona kasoro, basi ile laki tatu yako ipo. Sijaigusa. Nitakurudishia sasa hivi."

Laki tatu gani?

Sikuuliza kwa mdomo. Nilimtazama tu. Rangi ilimshuka shingoni. Mama, kwa wema wake, akadhani sikusikia, akanifafanulia: kijana alikuja wiki iliyopita, Jumanne, akaipenda, akaacha laki tatu za kishika uchumba ili asiuziwe mtu mwingine. Kishika uchumba! Neno lenyewe lilinipiga kofi. Jumanne ile aliniambia yuko Moshi kikazi. Na posho ya hiyo safari ya Moshi aliniambia haijatoka.

Nikainama nikaendelea kukagua. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikakisugua kati ya vidole, nyeusi, haina vipande vya kung'aa. Nikafungua kifuniko kidogo cha boksi la cheni, sproketi meno yake bado hayajawa ndoana. Nikavuta choki, nikafungua koki, nikapiga kiki mwenyewe. Ya kwanza hola. Ya pili hola. Ya tatu ikakohoa. Ya nne ikawaka, na moshi mdogo wa bluu ukatoka kwenye eksozi ukaisha ndani ya dakika moja. Moshi wa bluu usioisha maana yake inakula oili, ringi zimekwisha, jiandae kufungua injini. Huu wa kuwakia tu ni wa uzee wa kawaida. Nikasikiliza tapeti zinavyogonga, tik tik tik, sawasawa. Nilikuwa nasikiliza na nisisikie.

"Iendeshe," nikamwambia. Maneno mawili tangu laki tatu, kama "iendeshe" ni maneno mawili.

Akaenda nayo mpaka mferejini na kurudi. Nilisimama katikati ya njia nimtazame kwa nyuma, kwa sababu pikipiki iliyopinda hutembea kama kaa, gurudumu la nyuma halifuati la mbele. Hii ilikwenda wima. Gia ya pili haikuruka. Kwa mbali, yeye na lile tangi jekundu na Meru nyuma yake, alifanana na picha ya baba yangu iliyopo sebuleni kwetu, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Aliporudi, Mama alikuwa ametoka ndani na bahasha ya laki tatu na daftari. Lile daftari la kurasa nyingi, jalada gumu, limevikwa gazeti. Anataka kuandika kwamba fedha zimerudi, akasema, kwa sababu Mwalimu aliandika kila kitu na yeye hawezi kuacha utaratibu. Nikaomba kuliona.

Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi ndiyo kazi yangu. Mwandiko wa darasani, wino wa bluu, kuanzia 1986. Petroli lita ngapi, shilingi ngapi, kutoka wapi mpaka wapi. Tairi la nyuma. Plagi. Faini ya polisi, na sababu yake, na neno "haki yao". Kumpeleka mama kliniki. Kumkopesha jirani pikipiki, na jirani alirudisha petroli nusu. Miaka ikapita chini ya kidole changu mpaka nikafika mwaka 2013, mwezi wa nane, na hapo, kwa mwandiko uleule: konrodi imekatika. Injini ya Kichina, na bei yake. Ufundi, na bei yake. Mstari wa chini: injini ya zamani imewekwa stoo, isiuzwe.

Nilimsomea Mama kwa sauti. Akafunika mdomo kwa khanga. Mpwa alikuwa ameshatoka mbio. Tukasikia vitu vinaanguka stoo, debe, jembe, kitu cha bati, halafu akatokea amekumbatia gunia kama mtoto, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani, kwenye matambara yaliyolowa oili kuukuu, ilikuwa imelala injini. Nilifuta ubavu wake kwa kitenge changu kipya. CG125E, na tarakimu za kwenye kadi, moja baada ya nyingine. Mama aliweka kiganja juu yake akakaa hivyo muda mrefu. Na sisi hatukusema kitu.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Bado kulikuwa na kadi. Kadi ni ya Mwalimu, na Mwalimu hayupo. Watu wengi wanachukua kadi ya marehemu na saini ya mjane kwenye karatasi, wanaondoka, halafu wakienda TRA kubadili umiliki wanakwama. Mjane hawezi kuuza kwa kuwa mjane tu. Familia inakaa kikao, wanaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, anakwenda nao Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, mahakama inamteua, na kwa barua hiyo ya usimamizi wa mirathi ndipo anaweza kukusainia. Na kama injini imebadilishwa, TRA nao wajulishwe ili kadi irekebishwe, la sivyo trafiki wa kwanza atakayeinama kusoma atakuwa na mazungumzo marefu na wewe. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka ndiyo iliyofutwa mwaka 2017, lakini haya mengine yapo.

Mama alisikiliza, akauliza maswali mazuri. Cheti cha kifo anacho. Watoto wako Dar na Mwanza, atawaita. Tukakubaliana milioni moja na laki mbili kwa vyote, inayotembea na iliyo gunia, siku karatasi zitakapokamilika. Akanisukumia bahasha. Nikamwambia, Mama, zikae, lakini tuandike. Akanipa kalamu. Chini ya mstari wa mwisho wa Mwalimu, ambao ulikuwa wa betri, nikaandika tarehe ya Jumanne ile, shilingi 300,000, zimepokelewa kutoka kwa, na nikasita.

"Andika majina yetu yote mawili," mchumba wangu akasema.

"Zilitoka kwako peke yako," nikamjibu. "Daftari hili haliandikwi uongo."

Nikaandika lake.

Mpaka Tengeru hatukuongea. Soko lilikuwa linafungwa, magari yamejazana, tukakwama nyuma ya lori la mikungu ya ndizi kwa dakika ishirini. Hapo ndipo alipoanza. Aliogopa ingeuzwa. Alijua ningekataa. Safari ya Moshi ilikuwepo kweli, posho ilitoka Jumatatu, na akapitia Kikwe wakati wa kurudi. Nilimwuliza kitu kimoja tu: kuna nyingine? Alikaa kimya mpaka lori likasogea. Ilikuwepo. Laki na nusu, alimkopesha mdogo wake mwezi wa sita. Hakuna tena. Nikamwambia asimamishe gari. Akasimama karibu na wauza mahindi ya kuchoma, nikashuka, nikanunua mawili, nikarudi. Lake nikampa, sikumwambia karibu.

Kesho yake Jumapili alikwenda stationery ya jirani akarudi na daftari la jalada gumu. Hakusema kitu. Alilivika gazeti, akaandika ukurasa wa kwanza kwa mwandiko wake mbovu, akaliacha mezani. Mstari wa juu kabisa ni laki na nusu ya mdogo wake. Na mimi, kwa kuwa sasa kulikuwa na pa kuandika, nikajikuta naandika vitenge viwili, na kiatu kimoja cha mwezi wa nane ambacho nilisema nilipewa na dada.

Mama Mwalimu amenipigia wiki iliyopita. Kikao cha familia kimekaa, mahakama imemteua, barua anayo mkononi. Aliuliza pia kama huyo kijana ameshajirekebisha, nikamwambia anajitahidi. Jumamosi tunakwenda tena Kikwe na baba yangu, ambaye ameshatoa spana zake zote na kuzipanga kwenye kitambaa kama daktari. Anataka kuifungua ile injini ya kwenye gunia aone konrodi imekula nini. Kijana wa bodaboda ameomba awepo ajifunze. Tochi, baba ameagiza, atashika mkwe.